Mate Si Gundi

Ulituona. Usinijie na habari za haraka zako. Uliiona ile meza ya mbao pembeni mwa barabara, mbele ya duka la vioo. Uliliona bakuli la mchanga juu yake. Ulimwona mdogo wangu wa kike ameshika bisibisi, na mimi nimeinua kipande cha boksi kilichoandikwa kwa makaa: LETE FILIMBI YAKO IKAGULIWE, BURE. Ukasoma. Midomo yako ilicheza, niliiona. Halafu ghafla ukakumbuka kwamba una simu, ukaitoa, ukaiweka sikioni wala haikuwa imelia, ukavuka kwenda upande wa pili.

Mtaani wananiita Mama Kelele, na jina hilo sikulikataa. Mimi ni fundi wa makochi. Kutwa nina misumari mdomoni, kwa hiyo nikiitema nasema. Na sisahau. Nakumbuka ghala la magodoro lilipoungua na watu ndani, mlango umefungwa kwa kufuli la nje, nanyi mkapita mmeziba pua. Nakumbuka mfereji ulipogeuka rangi ya zambarau kwa sababu ya wapaka rangi nguo, mkasema watoto wameumwa matumbo kwa kula ovyo. Kila mara mlipita. Hili nalo nitalisimulia tangu shina lake, taratibu, usije ukasema hukuelewa.

Mdogo wangu mtaa mzima unamwita Sindano, kwa sababu ncha ya chuma chake cha kulehemu huingia mahali ambapo mwingine haoni kitu ila vumbi. Alikuwa akifanya kazi kwa mtu tunayemwita Tajiri. Mbele ni duka la chaja na makava ya simu. Nyuma ni chumba chenye dirisha moja linalotazama ukuta, na humo ndani meza ndefu iliyotandikwa zulia la mpira, lile la kukanyagia bafuni, ili vyuma visigusane ovyo. Mezani hapo zilizaliwa filimbi.

Filimbi ndilo jina letu la sigara ya umeme ya kutengeneza kwa mkono. Wenye uwezo huvuta za kiwandani. Wetu huvuta bomba la shaba lenye ukubwa wa kidole cha shahada, ndani yake betri iliyotolewa kwenye kompyuta mbovu, juu yake waya mwembamba uliozungushiwa pamba yenye maji matamu. Unabonyeza kitufe, waya unachemka, mvuke unatoka. Ukiishika mdomoni unafanana na refa.

Sindano hakuingia kazi hiyo kwa tamaa. Baba yetu alikuwa msokotaji. Alisokota sigara za kuuza mojamoja, na sisi watoto wake ndio tuliokuwa ulimi wake: yeye anasokota, sisi tunalamba ukingo wa karatasi, yeye anabana kwa kidole gumba, imeshika. Alikuwa akitutania, "Mate ya ukoo huu, wanangu, yangeshika hata bati la nyumba." Tukaamini. Mtoto ataacha kuamini vipi, na anaona kwa macho yake kwamba analamba na inashika? Baba alikufa akikohoa, amekonda hadi pete ya ndoa ikawa inamvuka kidoleni. Kwa hiyo Sindano alipoanza kutengeneza filimbi alinijia anang'aa uso.

"Dada, hii haina majani. Mtu anavuta mvuke tu. Angekuwa nayo baba…"

"Angekuwa nayo angekuuzia wewe na faida juu," nikamjibu, tukacheka.

Na alizitengeneza vizuri. Hilo hata mahakamani nitalisema. Betri ina kichwa na ina kiwiliwili. Kichwa ni upande mmoja wa umeme; kiwiliwili chote, mpaka ule ukingo unaokizunguka kichwa, ni upande wa pili. Baina ya kichwa na ukingo hapaingii hata ukucha. Kinachovitenganisha ni ngozi ya plastiki, nyembamba kama ganda la kitunguu, na juu ya ngozi hiyo pete ya karatasi ngumu. Chuma kikivigusa vyote viwili kwa pamoja, umeme hausubiri tena kitufe wala hauna haja na waya. Unajirudia wenyewe, wote kwa mkupuo. Hiyo ndiyo shoti. Betri inachemka, inatoa gesi, na gesi iliyofungiwa ndani ya bomba haitofautiani na baruti.

Sindano alilijua hilo kama anavyoijua njia ya nyumbani. Betri yenye ngozi iliyochubuka aliivua akaivika mpya. Pete alizikata kwenye boksi gumu la viatu, akazibandika kwa gundi nzito ya bomba, akaziwekea kokoto juu zikauke taratibu. Na kitako cha kila bomba alikitoboa matundu madogo.

Siku moja Tajiri aliingia chumbani ameshika filimbi, akakipuliza kitako chake.

"Sindano, mwanangu, hii ni filimbi au chujio?"

"Ni matundu ya kupumulia, Tajiri. Betri ikichemka, gesi ipate pa kutokea."

"Kwani unaniwekea betri za kuchemka?"

"Siweki. Lakini hata basi zima lina mlango wa dharura."

"Wateja wanalalamika. Vumbi la mfukoni linaingia. Wanasema inaonekana imetengenezwa nyumbani."

"Si imetengenezwa nyumbani?"

"Ndiyo maana isionekane!"

Mafundi wenzake wakaangua kicheko. Walicheka na mwenye mkate, kama kawaida ya watu. Tangu siku hiyo matundu yakakoma. Sindano akajipoza kwangu: "Pete ipo, dada. Pete ikikaa mahali pake hakuna shoti. Pasipo shoti hakuna gesi. Si ndiyo?" Mimi fundi wa makochi, nitasema nini? Nilimwambia asikubali. Akaniambia kukubali si kazi yake, kazi yake ni kufunga vifuniko.

Ndipo ikaja ile wiki ya gundi.

Wachuuzi wa stendi walikuwa wameagiza mzigo mkubwa, na Tajiri alikuwa amewaahidi. Gundi ikaisha. Rangi nyeusi ya vifuniko nayo ikaisha. Rangi Tajiri aliitafutia dawa upesi: alikwenda nyumbani akarudi na rangi ya kucha ya mkewe, nyekundu, vichupa tele, mpaka chumba kizima kikanuka saluni. Kuhusu gundi alisema inakuja. Haikuja.

"Fungeni," akasema.

"Pete zitatembea, Tajiri."

"Zitatembea ziende wapi? Kipande cha karatasi, kimefungiwa ndani ya chuma! Wewe funga kifuniko, kitaishika chenyewe."

Sindano akatazama pete iliyokuwa kwenye kidole chake. Na mkono, msomaji, una kumbukumbu zake. Akaipeleka ulimini. Akalamba, akabandika, akabana kwa kidole gumba, vilevile kama baba. Ikashika! Akaipindua betri chini juu, pete haikuanguka. Akafunga, akapima kwa mita ya umeme, mita ikatulia. Akalamba nyingine. Wenzake wakaona njia rahisi, wakamfuata. Chumba kizima kikawa ndimi nje, wanalamba pete na kufunga vifuniko vyekundu, wanataniana nani mwenye mate ya nguvu. Sindano aliwaambia ni mate ya ukoo.

Betri ya mwisho kabisa ndani ya boksi ilikuwa imechubuka begani, pale kiliponyofolewa kibati kilichoiunganisha na betri nyingine, na ngozi mpya hazikuwapo. Akaifunika kidonda kwa utepe wa buluu. Utepe mwingine akauzungushia bomba kiunoni kwa nje, kwa kuwa nalo lilikuwa na mkwaruzo. Filimbi hiyo haikufaa kuuzwa, ilikuwa mbaya mno kwa sura. Akaipeleka nyumbani, akampa mumewe.

Sasa mlinzi. Mlinzi wa duka la vioo wewe unamjua. Umeshapita mbele yake mara ngapi? Yule aliyekuwa akimwita kila mwanamke shemeji. "Shemeji Kelele," angeniambia kutoka ng'ambo ya barabara, "hilo kochi unalipiga misumari au unalisuta?" Alinunua filimbi nyekundu kwa sababu mwenye duka alimkataza sigara kazini.

Ilikuwa mchana kweupe. Amekaa kwenye kiti chake cha plastiki, mguu juu ya mguu, filimbi mfukoni mwa suruali. Sikusikia neno, nilisikia mlio kama wa tairi la basi linapopasuka, na kioo kikubwa cha dukani kikaporomoka. Kisha nikamwona anakimbia duara, anajipiga paja kwa viganja vyote viwili, na moshi mweupe unamtoka ndani ya suruali. Waliokuwa karibu walicheka. Ndiyo, walicheka, walidhani anacheza. Walipoelewa, wakatoa simu wakapiga picha. Niliitema misumari, nikaburuta kipande cha turubai, nikamwangukia nacho. Nyama ya paja ilikuwa imeungua, lakini hiyo haikuwa kubwa. Kubwa ni kwamba kitako cha bomba kilikuwa kimeruka kama risasi kikamwingia chini ya kitovu, na pale palikuwa na tundu dogo tu, dogo la kudanganya, halitoi hata damu ya maana.

Kifuniko nilikiokota mtaroni. Chekundu.

Nilikipeleka moja kwa moja nikakiweka kwenye lile zulia la mpira, mbele ya mdogo wangu. Alichukua filimbi nyekundu iliyokuwa bado haijauzwa, akaitupatupa kiganjani kama inavyotupwa na mfuko wa mtu anayetembea, akaifungua. Pete ilikuwa imelala upande, kama kofia ya mlevi. Akafungua nyingine. Imelala. Nyingine ilikuwa imekauka ikajikunja, na ukingo wa betri unachungulia wazi, unang'aa.

Sindano aliushika ulimi wake kwa vidole viwili, akabaki hivyo.

"Dada," akasema baadaye, sauti ndogo, "zile karatasi za baba zilikuwa na gundi."

"Gundi gani?"

"Ukingoni. Ule mstari uliokuwa unang'aa. Ilikuwa gundi, dada. Sisi tulikuwa maji tu."

Tukatazamana. Ulimi wangu mwenyewe ukaikumbuka ile ladha, utamu kidogo na uchachu kidogo, ambao miaka yote nilidhani ni wa tumbaku.

Tajiri alikuwa dukani mbele, anamfungia mteja chaja. Sindano alimngoja mteja atoke, ndipo akasema.

"Nyekundu zote zirudi. Zote. Tuwaambie wachuuzi, tubandike tangazo mlangoni. Zinapiga shoti."

"Punguza sauti."

"Mlinzi wa jirani yuko hospitali, Tajiri!"

"Nasikitika. Mwenyewe namjua, mtu wa utani sana." Akaufuta mkono wake kwenye suruali. "Nani alilamba?"

"Nini?"

"Nauliza tu. Mimi? Ulimi wangu huu hapa." Akautoa, kweli, akamwonyesha kama mtoto mtundu. "Nilisema fungeni. Nilisema lambeni? Ukitangaza, mwanangu, unajitangaza. Rudi ukakae. Wiki ijayo tunapaka kijani."

Sindano hakurudi kukaa. Alipita mlangoni na aproni yake, mkononi kashika bisibisi. Nami nyuma yake. Sikuuliza tunakwenda wapi, maana nilijua ana mume, na mumewe ana filimbi, na filimbi ile ndiyo mbaya kuliko zote. Huyo alitoka mbio kama mtu aliyeacha mtoto karibu na kisima.

Shemeji yangu ni fundi wa matairi. Tulimkuta amechuchumaa, ana rungu la mpira mkononi.

"Filimbi iko wapi?"

"Ipi?"

"Yangu! Ya utepe wa buluu!"

"Aa, ile. Kwani vipi, mke wangu, unataka kuanza kuvuta na wewe?"

Sindano alimkamata mifuko, wa kushoto, wa kulia, wa nyuma, hadharani, na wateja wanaguna.

"Jamani, taratibu! Sina. Nilimpa utingo wa lori la saruji. Alinisaidia kushusha tairi, nikaona nimpe asante."

"Lini?"

"Leo. Wametoka sasa hivi tu."

Sindano akakaa juu ya tairi. Mumewe alipoelezwa akajipapasa mfuko ule mtupu juu ya paja lake mwenyewe, akaendelea kuupapasa. Kisha ndiye aliyemkumbuka mwenye lori na kumpigia simu. Simu ikapokewa na utingo mwenyewe, upepo unavuma, anapaza sauti.

"Filimbi? Mbona nimeshabadilishana! Tulisimama kununua maji, kuna kijana pale ana miwani mizuri ya jua. Nikampa filimbi, akanipa miwani. Nimeivaa hapa, mnione!"

"Kijana gani?" Sindano alimnyang'anya mumewe simu. "Anaitwa nani? Anakaa wapi?"

"Dada yangu, mtu wa njiani utamuuliza ukoo? Alikuwa na begi la kijivu. La mgongoni. Alipanda basi."

"Basi la wapi?"

"La huko huko kwenu."

Hapo uzi ukakatika. Tulikwenda stendi, tukauliza kwa wachuuzi, kwa makondakta, kwa wafagiaji. Umeshawahi kutafuta begi la kijivu stendi? Kila mgongo una begi la kijivu. Sindano aliwasimamisha watu. Wengine walidhani kibaka, wengine walidhani kichaa, mmoja akampa sadaka.

Hospitali tulimkuta mlinzi kitanda cha mwisho wodini, ukutani. Paja limefungwa, tumbo limefungwa, macho yamezama. Mkewe alikuwa ametoka kutafuta dawa ambazo wodi haikuwa nazo. Mlinzi aliponiona akajilazimisha kutania.

"Shemeji Kelele. Umeona? Mke wangu siku zote ananiambia sina moto."

Nikacheka, kwa sababu ndilo alilolitaka. Sindano alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, ameushika ule upau wa chuma.

"Ni mimi niliyeifunga," akasema.

Mlinzi alimgeukia.

"Kile kifuniko chekundu, wewe?"

"Rangi ni ya mke wa Tajiri. Kufunga ndiyo mimi. Pete niliibandika kwa mate."

"Ilikuwa nzuri," akasema. "Niliinunua kwa ajili ya rangi." Akafumba macho, tukadhani amelala. Kisha, bila kuyafumbua: "Zipo nyingine huko nje?"

"Zipo."

"Basi unafanya nini hapa, shemeji? Kunitazama utanishona? Nenda kazitafute."

Maneno yale hayakuwa na utani ndani yake. Tumbo lake likaoza kwa ndani kabla juma halijaisha, tukamzika. Nikuulize: mazishini ulikuja? Hukuja. Ulisema humjui.

Tulianzia mahali ambapo wewe ungesema tuanzie, maana najua utaniuliza, "Mbona hamkuripoti?" Tuliripoti. Kuna ofisi ya kukagua bidhaa, ina feni, ina afisa mwenye tai. Tulingoja kwenye benchi mpaka miguu ikafa ganzi. Tulipoingia, Sindano hakufika hata kwenye kiti. Alisimama katikati ya chumba, akanyoosha kidole mezani.

Pale juu ya kalenda, filimbi. Kifuniko chekundu.

"Mzee, hiyo hapo," nikasema. "Hiyo ndiyo tuliyoijia."

"Hii?" Afisa akaiokota, akaigeuza kwenye mwanga. "Hii si ya mitaani, mama. Hii nimepewa na mwenye karakana mwenyewe, zawadi. Nzuri sana. Haina hata matundu yale ya ovyo ovyo."

"Naomba niifungue," Sindano akasema. "Hapa hapa mbele yako. Haitachukua muda."

"Binti, hii ni ofisi, si gereji."

"Basi usiiweke mwilini. Tafadhali, baba. Iweke hata kwenye sahani."

Akacheka, akaiingiza kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo, akaupigapiga mfuko kwa kiganja ili tuone jinsi asivyoogopa. Sindano aliyafumba macho. Mimi nilirudi nyuma hatua moja, sioni haya kusema. Akatuambia tulete malalamiko yetu kwa maandishi.

Ndipo tukaweka meza. Tuliiweka palepale mbele ya duka la vioo, kioo kipya kimeshawekwa, kiti cha plastiki kimeshapata mlinzi mwingine. Sindano alitandika kipande cha zulia la mpira. Anaipokea filimbi, anafungua kifuniko taratibu kwa kitambaa, anaitelezesha betri kwenye kiganja, anaitazama mabega kama daktari anavyotazama koo. Ngozi iliyochanika, mchangani. Pete iliyolala, anaitoa, anabandika nyingine kwa gundi halisi, anamwambia mwenyewe akae nayo mbali mpaka ikauke. Kila kitako alikitoboa matundu. Na kila mmoja aliambiwa lile lile: usiitupe mfukoni pamoja na funguo wala sarafu, ikipata joto bila kubonyezwa itupe na ukimbie, usijifanye shujaa.

Watu walikuja wachachewachache, kwa midomo mirefu.

"Ukiniharibia je?" kijana mmoja akauliza, ameikumbatia filimbi yake kama kifaranga.

"Nikikuharibia utanidai mimi," Sindano akamjibu. "Ikikuharibu wewe, atadai nani?"

Akamwachia. Pete ilikuwa imekunjika kabisa. Kijana alipoonyeshwa ule ukingo unaong'aa, akauliza kama kuna mahali pa kukaa.

Alikuja kondakta. Akaja mwalimu, ameificha ndani ya gazeti. Akaja bibi mmoja aliyemnyang'anya mjukuu wake, ameileta ndani ya sufuria yenye kifuniko, mkono ameunyoosha mbele kama aliyebeba nyoka. "Nilijua tu," akasema bibi, "kitu kisicho na majivu kina siri." Tulicheka siku ile. Na nyekundu zilikuwa zinarudi, moja baada ya nyingine, na kila iliporudi Sindano aliitazama kiuno kwanza, anatafuta utepe wa buluu. Haukuwapo. Anashusha pumzi, anafungua.

Wewe ulipita siku hizo. Mlipita wengi. "Wanatafuta umaarufu," mmoja alisema. "Amekosana na bosi wake," akasema mwingine. Wapo waliosimama kwa mbali, filimbi nyekundu mdomoni, wakatupulizia mvuke.

Kisha Tajiri akaja, na askari wawili. Hakuwa na hasira. Alikuwa na huzuni ile ya watu wanaojua kamera ziko wapi.

"Ndiye huyu," akasema. "Niliwaambia. Anatengeneza kivyake, anauza kivyake, sasa ameua mtu anatafuta pa kujisafishia."

"Hizi ni zako!" nikapiga kelele. "Rangi ya kucha ya mkeo hii hapa!"

Askari hakuniangalia. Aliangalia bakuli la mchanga lililojaa betri, akaangalia bisibisi, akauliza, "Nani fundi aliyezifunga hizi?"

Mdogo wangu angeweza kunyamaza. Wale wenzake waliolamba naye walikuwa ng'ambo ya barabara, wanatazama viatu. Lakini aliinuka, akafuta mikono kwenye aproni.

"Mimi," akasema. "Na bado hazijarudi zote. Naomba dada yangu aachiwe meza."

Hawakuniachia. Waliibeba meza, bakuli, zulia, hata lile boksi langu. Kosa lake limeandikwa ni kutengeneza bila kibali na kusababisha kifo. Shahidi wa kwanza wa serikali ni Tajiri. Karakana inaendelea, vifuniko sasa ni vya kijani, na vitako havina matundu, nimeangalia.

Mara ya mwisho kwenda kumwona mahabusu nilikuwa na mengi: shemeji amekonda, wakili hapatikani, watu wanasema hivi na vile. Alisubiri nimalize. Alikuwa ameshika wavu kwa vidole, na ngozi ya midomo yake imepasuka, sijui hajanywa maji au ameacha kuilamba.

"Ya utepe wa buluu imerudi?" akauliza.

"Bado, mdogo wangu."

"Ile ngozi yake niliifunika tu, dada. Sikuivua. Utepe wa namna ile ukipata joto la mwili unateleza." Akalegeza vidole. "Imebaki pete. Na pete ni mate."

Wakamrudisha ndani.

Sasa wewe. Filimbi ile ilipanda basi la huku kwetu, mfukoni mwa kijana mwenye begi la kijivu. Huyo kijana analala kwenye nyumba ya mtu. Ni mwana wa mtu, mpwa wa mtu, mpangaji wa mtu. Pengine alishaigawa, kama walivyoigawa wenzake, kwa wema tu, kwa asante. Inawezekana wakati unasoma hapa iko chumba cha pili, kwenye suruali iliyoangikwa mlangoni, inangoja mtu aivae na kutembea.

Usiniambie utauliza kesho. Mlinzi naye aliamka siku ile akiwa na kesho yake. Weka karatasi hii chini. Nenda mfuko kwa mfuko, begi kwa begi, usione haya, kelele watakazopiga ni zangu. Ukiona kifuniko chekundu, usikibonyeze, usikitikise, kishike kwa kitambaa, kipeleke nje, kizike kwenye mchanga mbali na watu. Ukiona utepe wa buluu, ita watu wote watoke kwanza. Ukimaliza kwako, bisha mlango wa jirani. Kisha njoo na wengine pale kituo cha polisi, mseme mlikuwa mnapita, mlituona, na meza irudishwe.

Inuka. Lile begi pale nyuma ya mlango ni rangi gani? Anza na hilo.